Modeli zilizowakosesha wakubwa usingizi

UKISTAAJABU ya Musa, utayaona ya Firauni. Hebu fikiria, admirali mzima wa jeshi la majini la Marekani anasimama mbele ya waheshimiwa wabunge, uso kaukunja, analalamika. Kisa? Mchezo wa plastiki wa kuchezea watoto, bei yake haifiki hata dola tatu!

Ndiyo hivyo, na si huyo peke yake. Kuna modeli zilizowafanya akina mama waandamane barabarani. Kuna nyingine zilizozua soo bungeni. Na kuna za ajabu tu, kiasi kwamba ukizikuta dukani utadhani mwenye duka ana walakini.

Kwa ambao mambo haya hawayafahamu, twende polepole. Modeli ya kuunga huuzwa kwenye boksi. Ndani mna vipande vya plastiki vilivyoshikana kwenye fremu. Unavikata kimoja kimoja, unavipiga msasa, unaviunga kwa gundi huku ukifuata mchoro, halafu unapaka rangi. Ukimaliza unapata ndege, meli au gari linalofanana na la kweli, ila dogo. Udogo wenyewe umeandikwa kwenye boksi. Ukiona 1:24, ujue gari la kweli ni refu mara 24 kuliko hilo lililo mezani kwako.

Ni kazi ileile ya mtoto wa uswahilini anayekunja waya mpaka akapata basi lenye magurudumu ya ndala. Tofauti ni moja tu, huyu wa boksi katafuniwa, kazi yake kumeza.

Wapenzi wengi wa modeli hizi wanapenda vifaru na ndege za Vita Kuu ya Pili. Hizo zimejaa tele na hazimshangazi mtu. Lakini umkute mkusanyaji wa kweli, yule ambaye maboksi yake yamefika mpaka uvunguni mwa kitanda, umwambie akutolee vile vya ajabu. Hapo ndipo utaona vitu! Na ukivichunguza vizuri utagundua kwamba vingi kati yake viligusa mahali ambapo wakubwa hawakutaka paguswe.

NYAMBIZI YA DOLA TATU

Tuanze na huyo admirali. Anaitwa Hyman Rickover, na Wamarekani humtaja kama baba wa nyambizi zao za nyuklia. Enzi hizo Marekani na Urusi ya Kisovieti walikuwa wamenuniana, kila mmoja anamchungulia mwenzake dirishani. Desemba 1959 jeshi la Marekani likapokea USS George Washington, nyambizi yake ya kwanza ya nyuklia kubeba makombora ya Polaris. Siri tupu.

Haukupita muda, kampuni ya Revell ya California ikaitoa nyambizi hiyo kwa plastiki. Tena si gamba la nje tu. Ubavu unafunguka, na ndani unajionea vyumba, mitambo na makombora yalivyopangwa. Bei dola 2.98.

Mwaka 1961 Rickover akaja juu. Aliwaambia wabunge kwamba kwa fedha hizo za kununulia peremende, Warusi wamejipatia habari zenye thamani ya mamilioni ya dola. Na kweli, jasusi wa nini tena? Unaingia duka la michezo ya watoto, unalipa, unadai chenji yako, unaondoka na nyambizi kwapani.

Kosa la Revell lilikuwa kusema kweli kupita kiasi.

NDEGE AMBAYO HAIJAWAHI KURUKA

Sasa sikia kinyume chake. Katikati ya miaka ya 1980 tetesi zilizagaa Marekani kwamba jeshi lina ndege isiyonaswa na rada. Serikali ilipoulizwa, kimya. Watu wakatazama namba za ndege za kivita. Baada ya F-18 ikaja F-20. F-19 iko wapi? Wakasema hiyo hiyo ndiyo inayofichwa.

Mwaka 1986 kampuni ya Testor ya Rockford, Illinois, ikatoa boksi lililoandikwa F-19. Mbunifu wake, John Andrews, aliokoteza habari zilizokuwa wazi kwa kila mtu, akachanganya na tetesi na akili yake mwenyewe, akapata ndege nyeusi yenye mwili laini wa mviringo. Ikanunuliwa kama njugu.

Bungeni kukawaka. Mheshimiwa mmoja akalalamika kwamba kitu ambacho yeye kama mbunge haruhusiwi kukiona, kumbe watoto wanauziwa madukani! Mwaka huohuo, Julai 11, ndege ya kweli ilianguka milimani huko California na kumuua rubani wake. Askari wenye silaha wakazingira eneo lote, na serikali ikakataa kusema ni ndege gani.

Novemba 1988 picha ya kwanza ikatolewa hadharani. Ebwana, watu walishika midomo! Ndege yenyewe kumbe inaitwa F-117, na na ile ya Testor haifanani hata chembe. Badala ya mviringo ina mapande bapa na pembe kali, kama karatasi iliyokunjwa na mtoto wa darasa la kwanza. Testor walikuwa wamechemsha.

Msomaji, hapo ndipo penye utamu. Revell walisema kweli wakashutumiwa. Testor walibahatisha wakakosea, wakashutumiwa vilevile. Leo mkusanyaji hawezi kuitupa F-19 yake, maana ni modeli safi kabisa ya ndege ambayo haijawahi kuruka, na bado iliwatoa jasho wenye siri zao.

FIGO RUKSA, MIMBA MUULIZE MAMA

Tuache mambo ya jeshi, tuje mwilini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Renwal ya Marekani ilitoa mwanamume wa plastiki angavu, urefu kama sentimita 40. Ngozi yake ni kama kioo. Ndani unampanga mwenyewe mifupa, moyo, ini, mapafu na utumbo, kila kitu mahali pake. Watoto wengi walijifunza mwili wa binadamu kwa mtindo huo.

Mwaka 1960 akafuata mwanamke. Hapo kasheshe ikaanza. Mwanamke ana mimba, na mimba ina maswali yake. Renwal wakatafuta njia ya kumridhisha kila mtu. Vipande vya ujauzito vikafungashwa peke yake, vikaandikwa kwamba ni vya hiari. Mzazi akiona mwanawe bado mdogo, anaviondoa tu kabla hajampa boksi.

Yaani figo ruksa, bandama ruksa, utumbo wote ruksa, lakini mtoto tumboni muulize mama kwanza! Usiwacheke sana. Hata kwetu, ni wangapi walioambiwa kwamba mdogo wao kanunuliwa hospitali?

KICHWA CHADONDOKA KIKAPUNI

Kampuni ya Aurora ya New York ndiyo iliyozidisha. Mwaka 1961 ilitoa modeli ya zimwi la Frankenstein, ikauzika ile mbaya. Wakaongeza Dracula na wenzake. Mwaka 1964 wakaja na gilotini, ile mashine ya Wafaransa ya kukatia watu vichwa. Unaiunga, unamlaza mfungwa, unaachia kisu, kichwa kinadondoka kikapuni. Halafu unakirudisha unaanza upya. Wazazi wakaguna, lakini ikapita.

Mwaka 1971 haikupita. Aurora walitoa mfululizo mpya wenye vyumba vya mateso, na katika maboksi hayo limo moja linaloitwa kwa Kiingereza "The Victim", maana yake mhanga. Ni msichana mwenye kaptura, kazi yake ni kuteswa na zimwi na daktari mwendawazimu. Mtoto ndiye anayepanga ateswe vipi.

Safari hii walikuwa wamegusa pabaya. Mwaka huohuo Aurora ilikuwa imenunuliwa na Nabisco, watengenezaji wa biskuti. Akina mama wakaandamana nje ya ofisi zao New York. Muuza biskuti hapendi mabango ya akina mama mlangoni pake, na mfululizo ukaondolewa sokoni. Mwaka 1977 Aurora yenyewe ikafunga kazi.

Unaweza kusema wanawake hao walikuwa na haki, nami sina ubishi. Gilotini ilikuwa kichekesho cha mbali, lakini msichana aliyefungwa ili ateswe, kuna majirani wanaomjua. Boksi hilo siku hizi linatafutwa na wakusanyaji kwa udi na uvumba, na anayelinunua hajui aone fahari au aibu.

MODELI KWANZA, GARI BAADAYE

Si kila modeli ya ajabu ni ya kutisha. Mchoraji Tom Daniel aliibunia kampuni ya Monogram gari jekundu ambalo paa lake ni kofia ya chuma ya askari wa Kijerumani wa Vita Kuu ya Kwanza. Likaitwa Red Baron, na boksi lilitoka mwaka 1968. Gari la namna hiyo halikuwepo popote duniani.

Basi fundi mmoja wa Detroit, Chuck Miller, akaliunda la kweli kwa kufuata modeli, akalitia injini ya Pontiac, likazunguka kwenye maonyesho watu wakilishangaa. Mambo kinyumenyume, mtoto kamzaa baba.

Wajapani nao wana yao. Kampuni ya Aoshima inatoa modeli za malori yaliyopambwa taa, vyuma vinavyong'aa na michoro ubavuni. Madereva wa huko huyapamba hivyo kwa fedha zao wenyewe, na kijana wa Nairobi aliyezoea matatu hatahitaji kuelezwa. Aoshima hao hao wana Toyota Hiace ya 1:24. Ndiyo, kipanya chako! Wao wanaiunga iwe gari la starehe. Sisi tunajua inabeba abiria wangapi konda akiamua.

Lakini kiboko ni Bandai. Mwaka 2020 walitoa modeli ya kikombe cha tambi za Nissin, zile za kumwagia maji ya moto. Kipimo? 1:1! Ukubwa uleule wa kikombe cha kweli. Kuna kifuniko, kuna tambi za plastiki, kuna na vikorombwezo vyake. Unahangaika nazo mezani, na ukimaliza bado una njaa.

BOKSI LETU LA KIGOMA

Kama tambi za 1:1 zimekushangaza, meli ya 1:1 je? Hiyo iko kwetu.

Mwaka 1913, katika mji wa Papenburg, Wajerumani waliunda meli iitwayo Graf von Götzen. Wakaifungua kipande kwa kipande, wakaifungasha kwenye makasha yapatayo 5,000, wakayaleta Dar es Salaam. Reli ikayapeleka Kigoma, na huko mafundi wakaiunga upya. Ilishushwa majini Februari 1915. Julai 1916 vita vilipowaelemea, Wajerumani wakaipaka injini grisi nene wakaizamisha wenyewe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Vita vya ziwa Tanganyika ndivyo vilivyompa mwandishi C. S. Forester mbegu ya riwaya yake ya The African Queen ya mwaka 1935, ambayo ilifanywa filamu mwaka 1951. Na kampuni ya Billing Boats ya Denmark imetoa modeli ya mbao, 1:12, ya mashua ile kuukuu ya mvuke ya kwenye filamu. Kwa hiyo kuna mzee huko Ulaya anakesha akipaka kutu ya bandia kwenye mashua ya hadithi ya kwetu, wakati meli yenyewe, boksi la kweli, watu wa Kigoma wamepanda babu na mjukuu.

UFUNGUE AU USIFUNGUE?

Sasa kuna ugomvi usiokwisha kati ya wakusanyaji. Modeli ya zamani ambayo boksi lake halijafunguliwa ina bei nzuri. Ukifungua, bei inashuka. Ukiunga na kupaka rangi, ndiyo basi tena. Kwa hiyo wako watu wana gilotini ambayo haijakata kichwa hata kimoja, na mwanamke wa Renwal ambaye miaka nenda rudi hajawekewa hata moyo.

Wenyewe wanasema ni akiba. Sawa, lakini akiba hii ina mdudu. Mwaka 1995 ilizuka kampuni ya Polar Lights, ikaanza kuchonga upya modeli za Aurora za zamani na kuziuza zikiwa mpya. Jina lenyewe ni utani, maana aurora ni ile mianga inayoonekana angani kule kwenye ncha za dunia. Aliyeficha boksi lake miaka 30 akiamini liko peke yake, siku moja akalikuta dukani, limepangwa rafu nzima.

Mimi naona wafunguaji ndio wenye haki. Nyambizi ya Revell ilimtia Rickover kiwewe kwa sababu ubavu wake ulifunguka. Mimba ya Renwal iliwapa wazazi homa kwa sababu mtoto angeishika kwa mikono yake na kuuliza, "Mama, hii inaingiaje?" Likibaki limefungwa kwa nailoni, haliwezi kumuudhi mtu wala kumfundisha mtu. Ni karatasi yenye picha nzuri.

Kwa hiyo ukiletewa boksi la ajabu na mjomba aliyerudi kutoka ng'ambo, usikimbilie kuuliza linauzwaje. Tafuta kisu kidogo, gundi na jioni moja isiyo na kelele. Na kama kuna vipande vimefungashwa pembeni vimeandikwa "hiari", anza na hivyo.