Simu Mbovu Inapobadilishwa kwa Iliyokarabatiwa

Waranti, au garantii kama wengi wanavyoiita madukani, ni ahadi ya maandishi ambayo mtengenezaji wa kifaa humpa mnunuzi kwamba kifaa hicho kikiharibika ndani ya muda uliotajwa, na mtumiaji asiwe na kosa, basi kitatengenezwa, kitabadilishwa, au fedha zitarudishwa. Katika hayo matatu, kubadilishiwa ndiko kunakozaa mvutano mwingi, kwa kuwa aliyenunua simu mpya hudhani kwamba atapewa mpya, ilhali masharti ya kampuni nyingi kubwa yanairuhusu kampuni kumpa kifaa kilichokarabatiwa, yaani kifaa kilichowahi kurudishwa na mtu mwingine, kikafunguliwa na mafundi, kikatolewa sehemu mbovu, kikapimwa na kufungwa upya. Mteja anayeletewa kifaa cha namna hiyo kaunta huwa na dakika chache tu za kuamua akipokee au akikatae, na jambo linalofaa kumwongoza katika dakika hizo ni kujua hatari iliyobaki katika kifaa hicho ni ipi, itabebwa na nani, na kwa muda gani.

Mfano unaofahamika zaidi ni waranti ya mwaka mmoja ya kampuni ya Apple. Masharti yake yanasema waziwazi kwamba kampuni inaweza kutumia sehemu mpya au zilizowahi kutumika, mradi ziwe zimepimwa na kukidhi matakwa yake ya utendaji, na kwamba kifaa mbadala hurithi muda wa waranti uliosalia au hupewa siku 90 tangu kilipobadilishwa, ukihesabiwa ule ulio mrefu zaidi. Kwa hiyo aliyebadilishiwa simu mwishoni mwa mwezi wa pili hubakiwa na miezi 10, naye aliyebadilishiwa zikiwa zimesalia siku chache hupata miezi 3 hivi. Imani iliyoenea kwamba waranti huanza upya kila kifaa kinapobadilishwa haina msingi katika masharti hayo, wala katika ya watengenezaji wa diski za kompyuta, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakituma diski zilizokarabatiwa badala ya zile zilizokufa, huku muda wa waranti ukiendelea kuhesabiwa tangu siku ya ununuzi wa kwanza.

Hata hivyo, waranti si sheria. Waranti ni mkataba alioutunga mtengenezaji kwa maneno yake mwenyewe, ilhali sheria ya nchi humwekea muuzaji wajibu ambao kwa kawaida hauwezi kufutwa na karatasi iliyo ndani ya boksi, na tofauti hiyo ndiyo iliyoamua kesi kadhaa za Ulaya. Mwaka 2008 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa uamuzi katika shauri la kampuni ya Quelle ya Ujerumani, ambayo ilikuwa imebadilisha jiko bovu kwa jipya kisha ikamtoza mteja malipo kwa kipindi alichokuwa amelitumia lile la kwanza. Mahakama ikakataa, kwa hoja kwamba muuzaji aliyetoa bidhaa yenye kasoro hakutimiza mkataba, na gharama ya kuutimiza ni yake. Kutoka hapo hadi simu zilizokarabatiwa ni hatua fupi. Mwezi Desemba 2016 mahakama ya Glostrup nchini Denmark iliamua dhidi ya Apple katika shauri la mteja aliyekuwa amepewa iPhone 4 iliyokarabatiwa mwaka 2011 badala ya mpya, na mwaka 2017 mahakama ya Amsterdam, Uholanzi, ikafuata mkondo huohuo kuhusu iPad. Nchini Marekani, kesi iliyofunguliwa mwaka 2016 na wateja waliolalamika kwamba vifaa vilivyokarabatiwa havikuwa sawa na vipya kama walivyoahidiwa iliishia kwa makubaliano ya dola milioni 95, bila kampuni kukiri kosa. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2024 kuhusu haki ya matengenezo limeufungua mlango kidogo tu: muuzaji anaweza kutoa kifaa kilichokarabatiwa iwapo mteja mwenyewe ameomba waziwazi.

Afrika Mashariki haina mlolongo wa hukumu kama huo, lakini msingi wa kisheria upo. Sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya na Tanzania zilichotwa kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, nazo zinamtaka muuzaji atoe bidhaa yenye ubora unaofaa kuuzika, huku zikimpa mnunuzi nafasi ya kuikataa bidhaa yenye kasoro, mradi asikae nayo muda mrefu bila kusema neno, kwa maana ukimya wa muda mrefu huhesabiwa kuwa ameikubali. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na ya kupewa taarifa anazozihitaji ili anufaike nazo, na Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2012 inahesabu kuwa ni udanganyifu kumwambia mteja kwamba bidhaa ni mpya ilhali imekarabatiwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani (FCC), inakataza kumpotosha mlaji. Kosa, basi, si kutoa kifaa kilichokarabatiwa. Kosa ni kukitoa kimyakimya.

Upande wa kiufundi una mambo mengi kuliko hofu ya kawaida inavyodokeza. Wahandisi wanaochunguza uimara wa vifaa huchora mchoro wenye umbo la beseni: ukingo wa kushoto uko juu kwa sababu vifaa vyenye dosari za kiwandani hufa mapema, sakafu ni tambarare kwa kipindi kirefu cha utulivu, na ukingo wa kulia hupanda pale sehemu zinapoanza kuchakaa. Kifaa kilichokarabatiwa vizuri kimekwisha kuuvuka ukingo wa kushoto, na kwa hoja hiyo baadhi ya watu husema ni bora kuliko kipya, kwa kuwa kimepimwa mara mbili. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Kila kifaa kinapofunguliwa huingizwa hatari mpya ya kazi ya mikono, kama vile skrubu isiyokazwa, waya wa utepe usiokaa sawasawa, au gundi ya kuzuia maji isiyoshika pembe zote, na kasoro za aina hiyo nazo hujitokeza katika wiki za mwanzo. Simu iliyosifiwa kwamba haiingii maji haifai kuaminiwa kwa sifa hiyo baada ya kufunguliwa, isipokuwa kituo kiandike kwamba kimeifunga na kuipima upya.

Sehemu inayochakaa bila shaka yoyote ni betri. Uwezo wa betri ya litiamu hupungua kwa mizunguko ya chaji, mzunguko mmoja ukiwa ni matumizi yanayolingana na betri nzima hata kama yamegawanyika katika siku mbili au tatu. Apple yenyewe husema kwamba betri za iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500, na za iPhone 15 baada ya mizunguko 1,000. Kwa hiyo swali la kwanza la mteja si kama kioo kinang'aa, bali kama betri imebadilishwa. Ifahamike pia kwamba si kila kilichokarabatiwa kilikwisha kutumika: Samsung ilipoziondoa sokoni simu za Galaxy Note 7 mwaka 2016 kwa sababu ya betri zilizoshika moto, ilirudi mwezi Julai 2017 nchini Korea Kusini na Galaxy Note FE, iliyoundwa kwa simu na vipuri vya Note 7 ambavyo havikuwa vimetumika, ila kwa betri ya mAh 3,200 badala ya 3,500.

Kigezo chenye uzito kuliko vyote, kwa maoni ya makala hii, ni umri wa kifaa kilichoharibika. Simu iliyokufa katika wiki za kwanza inastahili kubadilishwa kwa mpya au fedha zirudishwe, na mteja ana kila sababu ya kukataa iliyokarabatiwa, kwa kuwa alilipa bei ya upya ambao hajaufaidi. Simu iliyotumika miezi 10 ni jambo jingine: betri yake imekwisha kuchoka, na mbadala iliyowekwa betri mpya inaweza kumwacha mwenyewe katika hali bora kuliko aliyokuwa nayo. Kati ya hizo mbili liko chaguo ambalo wengi hulisahau, nalo ni kuomba simu yake mwenyewe itengenezwe, hasa pale hitilafu inapokuwa ya sehemu moja inayojulikana, mathalani tundu la chaji au spika, kwa maana historia ya simu hiyo anaijua, ya nyingine haijui.

Akiamua kuipokea, kazi huanza pale kaunta. Abonyeze *#06# ili namba ya IMEI, ambayo ni tarakimu 15 zinazoitambulisha kila simu, ijitokeze, kisha ailinganishe na iliyoandikwa kwenye karatasi ya huduma. Risiti ya ununuzi ina IMEI ya simu ya zamani, hivyo karatasi hiyo sharti itaje namba zote mbili na tarehe ya kubadilishana. Bila hivyo, simu ikiharibika tena, mteja atakuwa na risiti ya simu asiyokuwa nayo. Kwenye iPhone, herufi ya kwanza ya namba ya modeli katika mipangilio hueleza asili ya kifaa: M kwa kilichouzwa kikiwa kipya, F kwa kilichokarabatiwa, N kwa kilichotolewa kama mbadala. Mteja aiwashe upya ili ajiridhishe kwamba haikufungwa kwa akaunti ya mtu mwingine, aweke laini zake, apige simu na kusikilizwa, avute alama moja ya programu kwa kidole kutoka pembe hadi pembe ya kioo ili kugundua sehemu zisizohisi mguso, na aichomeke kwenye chaji kwa dakika kadhaa. Simu ya zamani hairudi, kwa hiyo nakala za picha na namba zihifadhiwe kabla ya kuikabidhi, na kama haiwaki kabisa, nywila za barua pepe na za benki zibadilishwe siku hiyohiyo.

Yote hayo yanahusu waranti ya mtengenezaji. Katika maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi huuzwa pia simu zilizotumika, nyingi zikipitia Dubai, ambazo waranti yake ni ya duka, yaani neno la mwenye duka na muhuri wake. Hapo "kubadilishiwa" kwaweza kuwa na maana ya kupewa chochote kilichopo rafuni, na kinga ya mnunuzi ni kuandikisha kwenye risiti, kabla ya kulipa, atapewa nini na ndani ya siku ngapi.

Aliyekubali kifaa kilichokarabatiwa mara moja hajajifunga kukubali cha pili. Kikiharibika nacho kwa hitilafu ileile, dai la kurudishiwa fedha huwa na nguvu kuliko awali, na nchini Kenya linaweza kupelekwa kwenye Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, haimlazimishi mtu kuwa na wakili, na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Nchini Tanzania malalamiko ya mlaji hupelekwa FCC. Kote huko, aliyekwisha kumwandikia muuzaji barua na kubaki na nakala yenye tarehe husikilizwa kwa urahisi kuliko yule aliyebishana naye kwa mdomo.