Chuo cha Uganga Huanza Mlangoni

Mtu akitaka kuwaandalia wenzake mchezo unaofanyika katika shule ya uganga, mara nyingi huanza na ramani. Huchora mnara, kisha maktaba yenye chumba cha chini kilichofungwa kwa kufuli saba, mabweni manne kila moja na rangi yake, bwawa lenye jini, na mwalimu mkuu mwenye ndevu ndefu. Baada ya wiki mbili ana kurasa 30 za maelezo. Kikao cha kwanza kinafika, na wachezaji wanajikuta wamekaa darasani wakisubiri kengele ilie. Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe: watu wanne au watano hukutana mezani, mmoja wao akiwa msimulizi anayeuumba ulimwengu kwa maneno, na kila mmoja wa waliobaki humwendesha mhusika wake; mhusika akijaribu jambo lisilo na hakika, dadu huamua. Hadithi inayoendelea kikao baada ya kikao, pengine kwa miaka, huitwa kampeni. Uhai wa mchezo huu ni uamuzi: msimulizi anauliza mnafanyaje, na wachezaji wanajibu. Shule nayo iliundwa ili kuwapunguzia vijana maamuzi. Ratiba imeshapangwa, adhabu zimeshaandikwa, na pakitokea hatari yupo mkubwa wa kukimbiliwa. Ndiyo maana shule, mandhari inayopendwa mno vitabuni, hudorora mezani. Dai langu ni kwamba kinachoipatanisha shule na mchezo ni bei. Mbunifu aanze kwa kuamua elimu hii inagharimu nini na nani anailipa. Minara ije baadaye.

Kanuni za michezo hii zinajua jambo hilo tangu mwanzo. Dungeons & Dragons, mchezo ulioizaa jamii yote hii, ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Waganga wake waliazimwa kwa mwandishi Jack Vance, ambaye katika The Dying Earth ya mwaka 1950 alibuni watu wanaohifadhi sihiri kichwani kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi sura, ila kwao sihiri ikishatamkwa hufutika, na sharti waisome upya. Katika kanuni za mwaka 2014 za mchezo huohuo, mganga anayetaka kunakili sihiri mpya katika kitabu chake hulipa saa 2 na vipande 50 vya dhahabu kwa kila ngazi ya sihiri hiyo. Sihiri ya ngazi ya tatu itamtoa saa 6 na vipande 150. Mganga basi ni mwanafunzi mwenye daftari na ada hata kabla shule haijajengwa. Kiswahili kililiona hilo zamani: neno chuo lilimaanisha kitabu kabla ya kumaanisha mahali pa kusomea, na mwanachuoni ni mtu aliyezama humo. Tatizo ni kwamba saa hizo 6 hazishindani na kitu. Msimulizi anasema wiki tatu zimepita, mchezaji anafuta dhahabu yake kidogo, na mambo yanaendelea. Muda usio na mwisho hauna thamani, na hapo ndipo shule inapokuja na kitu ambacho pango na msitu havina, yaani muhula.

Mchezo ulioitumia bei hii kwa ukamilifu zaidi ni Ars Magica, kazi ya Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen iliyotoka mwaka 1987. Umewekwa katika Ulaya ya zama za kati, na kipimo chake cha muda ni msimu, minne kwa mwaka. Katika msimu mmoja mganga anaweza kusoma kitabu kimoja, au kujifungia katika maabara yake akibuni sihiri, au kumfundisha mwingine. Akitoka kwenda kupambana na zimwi, msimu huo wa kusoma unaweza kumponyoka asiupate tena. Tazama sasa uanafunzi wenyewe. Kijana hutumikia miaka 15, na mwalimu analazimika kumfundisha msimu mmoja tu kila mwaka. Mingine mitatu kijana ni mtumishi wa maabara. Piga hesabu: misimu 60, ambayo 15 ni ya kufundishwa na 45 ni ya kutumika. Hakuna mnara uliochorwa wala bweni lililopewa rangi, lakini shule tayari ipo, tena imejaa visa. Yupo mwalimu anayeuchelewesha msimu wa mafunzo hadi siku za mwisho za mwaka. Yupo mwanafunzi anayesoma kwa wizi usiku, na yule anayeng'amua mwaka wa tisa kwamba alichofundishwa ni kile tu kinachomfaa bwana wake. Msimulizi hakuhitaji kuvibuni visa hivyo kimoja kimoja. Vimetoka katika ile hesabu.

Bei si lazima iwe muda, na mwenye ushahidi mzuri wa hilo ni mwandishi Ursula K. Le Guin. Katika A Wizard of Earthsea ya mwaka 1968, shule ya kisiwa cha Roke ina walimu wakuu tisa, na mmoja wao kazi yake ni mlango tu. Anayetaka kuingia humwambia bawabu huyo jina lake la kweli, jambo zito katika ulimwengu ambao jina la mtu likijulikana mtu mwenyewe amekamatika. Anayetaka kutoka akiwa amehitimu sharti alijue jina la bawabu. Sihiri zote alizojifunza hazimsaidii kulipata, na njia inayofaa ni kumwuliza kwa unyenyekevu. Kwa mbunifu wa mchezo, mlango huo mmoja una kazi kubwa kuliko maktaba nzima, kwa sababu mchezaji analipa mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya wenzake mezani. Kuna bei nyingine pale Roke ambayo mwandishi mwenyewe aliigeukia miaka mingi baadaye. Shule ile ilipokea wanaume peke yao. Katika Tehanu ya mwaka 1990 na hadithi zilizokusanywa mwaka 2001, Le Guin alirudi kuuliza ni nani walifungiwa nje na kwa nini, akaonyesha kwamba wanawake walikuwa miongoni mwa waanzilishi. Swali la nani anakataliwa mlangoni lilimzalia vitabu. Msimulizi wa kampeni atakayeliuliza mapema hatakosa la kusimulia.

Kinyume chake ni Strixhaven, kitabu kilichotolewa kwa ajili ya Dungeons & Dragons mwishoni mwa 2021. Kina vyuo vitano, kila kimoja kimeanzishwa na joka, kina miaka minne ya masomo, mitihani, vilabu, vibarua vya wanafunzi, marafiki na mahasimu. Ramani ni nzuri na picha zinavutia. Lakini mwaka mzima umefinywa ndani ya kisa kimoja, na mtihani ni suala la kutupa dadu kujua umejiandaa vipi, kisha kuzitupa tena kujua umejibu vipi. Kusoma hakumnyimi mtu chochote, na kutokusoma hakumpi mtu nafasi ya kufanya jingine. Mapambo ya shule yamefika yote, uchaguzi umebaki nyumbani. Mwaka huohuo kampuni ya Paizo ilitoa Strength of Thousands, kampeni ya vitabu sita kwa ajili ya mchezo wa Pathfinder, na hiyo naiona bora. Chuo chake, Magaambya, kipo katika eneo linaloitwa Mwangi. Chuo chenyewe kinadai utumishi: mgeni hupewa kazi za chuo na za mji unaokizunguka, na wale walioanza wakiwa wanafunzi wapya hufikia kuwa walimu. Deni la mwanzo linakuwa wajibu wa mwisho, na kampeni inapata uti wa mgongo.

Wapo watakaosema kwamba hesabu za namna hii ni kazi ya karani, na watu wanakuja mezani kustarehe. Pingamizi hili lina ukweli kiasi, kwani kuhesabu kila kitu huua mchezo. Lakini mchezaji wa bao la Kiswahili anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na kila anaponamua, yaani anapoingiza kete ubaoni, akiba inapungua kete moja, naye anajua, na mpinzani anajua, na watazamaji waliosimama nyuma wanajua. Hakuna aliyewahi kuiita hali hiyo ukarani. Siri ni kuhesabu kitu kimoja tu, kile kisichotosha. Chukua muhula wa wiki 10. Kila mchezaji achague sihiri tatu anazozitaka, kila moja ikidai wiki 4 za kusoma. Jumla ni wiki 12, hivyo mbili zimepungua kabla lolote halijatokea. Kisha maktaba iwe na nakala moja tu ya kitabu wanachokitaka wawili. Kisha jini wa bwawani aanze kuita watu usiku, na kumchunguza kuwe na gharama ya wiki moja kwa kila atakayekwenda. Kinachoandikwa ni vijiti kumi kwenye kipande cha karatasi. Msimulizi akiuliza mnafanyaje, swali sasa lina makali, kwa sababu atakayemfuata jini atakuwa ameacha kitu anachokijua kwa jina.

Bei hiyohiyo inajibu swali linaloziua kampeni nyingi za shule: walimu wenye nguvu wapo, mbona hawamalizi tatizo wao? Jibu la kawaida ni kumfanya mwalimu mkuu awe mjinga, au safarini, au msaliti, na wachezaji hulizoea upesi. Ni afadhali walimu nao walipe. Kama bweni linalindwa na sihiri inayodai mtu mmoja akeshe, basi kila mwalimu anayetoka huacha kesha lake wazi. Kama mzee anahitaji miezi mitatu ya utulivu kumaliza kazi aliyoianza miaka minne iliyopita, kuitwa kwake kwa ajili ya jini si jambo dogo, na wachezaji wataona si uvivu. Wanaweza hata kumwita, naye akaja, na wakamharibia kazi ya miaka minne. Hapo kisa kingine kimeanza bila msimulizi kukitafuta.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa Nnedi Okorafor. Katika Akata Witch ya mwaka 2011, riwaya iliyowekwa Nigeria, mtu akijifunza jambo, fedha zinazoitwa chittim hudondoka kutoka hewani. Kule elimu inalipa badala ya kulipiwa. Je, si ndivyo mchezo ungepaswa kuwa, thawabu badala ya makato? Ni wazo zuri, na msimulizi anaweza kuliiba. Ila malipo yale huja baada ya somo, na masomo makubwa mno hupatikana mtu akiwa hatarini. Bei imetolewa kwanza. Kinachodondoka ni risiti.

Limebaki suala la jina, ambalo kwa meza inayocheza kwa Kiswahili si dogo. Lugha yetu haikubali kumfunika anayeponya na anayeua kwa neno moja. Mchawi huroga, mganga huagua, na mcheza mazingaombwe hutufumba macho tukamlipa. Shule ya uchawi, ukiitaja mbele ya mtu mzima wa Tanga au Bukoba, ni mahali watu wanapofundishwa kuangamiza jirani, na katika nchi ambamo vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, kusema ni mchezo tu hakutoshi. Nashauri chuo kiwe cha uganga, na uchawi uwe jambo lililokatazwa humo, lakini mizizi na maneno yawe yaleyale, ili mpaka uwe nia ya mtendaji na hivyo uwe mgumu kuthibitishwa. Masimulizi yetu tayari yametoa bei mbili tofauti: mganga hupokea ada, na anayeingia uchawini, kama watu wanavyosimulia bara na pwani, hudaiwa ndugu yake. Mhusika aliyepungukiwa na wiki mbili atasikia kwamba upo mlango mwingine, wa haraka, na bei yake ni hiyo. Mafundi wa zamani walikuwa na neno kilemba, zawadi ambayo mwanagenzi humpa fundi wake siku anapomaliza kufunzwa. Amua kilemba cha chuo chako ni nini, uwaambie wachezaji wote kikao cha kwanza, na ndipo uchukue penseli uchore mnara.