Chakula cha Mzee Nyumbani: Kiwe Kidogo, Lakini Kamili

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunapenda kuzungumzia jambo linaloonekana dogo, nalo ni sahani ya mzee aliyestaafu. Watumishi wengi wa serikali nchini Tanzania hustaafu wafikishapo miaka 60, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inahesabu umri huo kuwa mwanzo wa uzee. Siku hiyo inapokaribia, familia hufikiria sana kiinua mgongo, nyumba na shamba. Ni wachache wanaofikiria kitakachopikwa jikoni baada ya hapo.

Hali yenyewe tunaifahamu. Sufuria iliyopikia watu kumi sasa inapikia wawili, au mmoja. Watoto wako mjini. Mama aliyezoea kupikia watu wengi huona hakuna haja ya kuwasha moto kwa ajili yake peke yake. Baba aliyefiwa na mkewe pengine hakuwahi kupika maisha yake yote. Basi asubuhi ni chai na mkate, mchana ugali na mboga kidogo, jioni chai tena. Baada ya mwaka mmoja mkanda umeongezwa tundu, na watu husema, "Ni uzee tu." Ndugu wasomaji, si uzee tu. Mara nyingi ni njaa iliyojificha.

Mwilini hutokea nini?

Mwili wa mzee hautumii nguvu nyingi kama wa kijana anayelima kutwa. Kwa hiyo vyakula vya kutia nguvu, kama ugali, wali na viazi, vinaweza kupunguzwa. Vyakula vya kujenga mwili havipunguzwi. Kadiri umri unavyoongezeka misuli hupungua taratibu, na isipopata protini na kazi ya kufanya, hupungua upesi zaidi. Mzee huanza kushindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu. Kisha huanguka, na nyonga ikivunjika huenda asitembee tena kama zamani.

Wataalamu wengi hushauri mzee mwenye afya apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60, basi, anahitaji gramu 60 au zaidi kidogo. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa kama gramu 8, na kikombe cha maharage yaliyopikwa kama gramu 15. Kikombe cha chai ya rangi hakina kitu. Hesabu hiyo peke yake inaonyesha kwa nini mzee wa chai na mkate hudhoofika.

Tena, hamu ya kula hupungua. Ulimi na pua havitambui ladha na harufu kama zamani, meno yametoka au yanauma, baadhi ya dawa huondoa hamu, na upweke nao hushibisha vibaya. Hata kiu haisikiki vizuri, ingawa mwili unahitaji maji.

Chakula cha kumbukumbu

Mzee anayesukuma sahani ya wali mara nyingi hula akiletewa alichokula utotoni. Mwulizeni, "Bibi, mama yako alikuwa akiwapikia nini?" Mtapata chakula na hadithi pamoja, na wajukuu watajifunza. Vingi vya vyakula hivyo ni laini na vinafaa uzeeni: mtori wa Kilimanjaro, makande ya Upare, mlenda wa Dodoma na Singida, ndizi na maharage za Bukoba. Uji wa ulezi nao una madini mengi ya kuimarisha mifupa.

Mtori wa watu wawili hupikwa hivi. Chemsha robo kilo ya nyama yenye mfupa mpaka ilainike kabisa. Toa mifupa, chambua nyama vipande vidogo sana. Katika supu ile weka ndizi mbichi sita zilizomenywa na kukatwa, kitunguu na nyanya. Zikiiva, ziponde kwa mwiko, rudisha nyama, ongeza nusu glasi ya maziwa yaliyochemshwa na chumvi kidogo. Hata asiye na meno atakula.

Kwa makande, loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, kisha pika pamoja na mahindi yaliyokobolewa hadi yalainike. Karanga zilizosagwa huongeza ladha na protini.

Mambo ya kuzingatia

1. Mzee ale kidogo kidogo, hata mara tano kwa siku, na kila mlo uwe na kitu cha kujenga mwili: yai, maziwa, samaki, dagaa, kunde au maharage.

2. Chai isinywewe pamoja na chakula, kwani hupunguza madini ya chuma ambayo mwili hupata kutoka kwenye mboga na maharage. Angoje kama saa moja. Chungwa au pera baada ya mlo husaidia madini hayo kuingia mwilini.

3. Anywe maji kabla hajasikia kiu. Wazee wengi huacha kunywa kwa kuogopa kwenda chooni usiku. Anywe zaidi mchana, na baada ya chakula cha jioni apunguze.

4. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye samaki wa chumvi. Ndimu, tangawizi na vitunguu huleta ladha bila madhara hayo.

5. Ale akiwa ameketi wima, bila haraka, asije akapaliwa.

6. Msimfukuze jikoni. Kuchambua mboga, kuchagua mchele na kwenda gengeni ni mazoezi ya mwili na akili.

Wakati wa kumwona daktari

Mtu wa kilo 60 akipungua kilo 3 au zaidi katika miezi sita hadi kumi na miwili bila kukusudia, apelekwe hospitali. Huenda ni kisukari, kifua kikuu, saratani, meno mabovu au sonona. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze vyakula vya protini bila kumwuliza daktari, na mwenye kisukari afuate mpango wa kliniki yake.

Neno la mwisho ni kwa watoto walio mbali. Kuwatumia wazazi fedha kwa simu ni jambo jema, lakini fedha haziketi na mtu kula. Ongeeni na jirani au ndugu wa karibu ili mzee apate mwenzake wa kula naye hata siku mbili tatu kwa juma. Na mkipiga simu, msiishie kwenye shikamoo. Ulizeni, "Mama, leo umekula nini, na umekula na nani?" Jibu likiwa chai siku tatu mfululizo, msingoje likizo ya Desemba ndipo mwende kumwona.