Gharama za Kusimamia Mirathi: Nani Hulipa, na Hulipwa Lini?

Mtu akifariki na kuacha mali, iwe ni shamba la ekari mbili au nyumba ya kupangisha mjini, mali hiyo haiwi ya watoto wake siku ile ile. Toka siku ya mazishi mpaka hati ya shamba iandikwe jina jipya pana safari ndefu, na karibu kila kituo cha safari hiyo kina malipo yake. Jamaa nyingi huchoka njiani kwa kuwa hawajui malipo yaliyo ya haki ni yapi, yasiyo ya haki ni yapi, na ni nani apasaye kulipa. Kwa sababu hiyo yafaa kila mwenye nyumba aufahamu utaratibu huu angali hai, na awafahamishe jamaa zake.

Katika Kenya jambo hili huongozwa na Sheria ya Urithi, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Waislamu hugawa mirathi yao kwa sheria ya dini yao, nao waweza kupeleka shauri lao mbele ya Kadhi iwapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa naye.

MALI YA MAREHEMU NDIYO INAYOLIPA

Jambo la kwanza la kukumbuka ni hili: gharama za mirathi hutoka katika mali ya marehemu, wala si mzigo wa mtoto mmoja mwenye mshahara. Sheria inamtaka msimamizi wa mirathi alipe kutoka katika mali hiyo gharama za mazishi, gharama za kupata hati ya usimamizi na za kuisimamia mali, pamoja na madeni ya marehemu. Kinachobaki baada ya hayo ndicho kinachogawanywa kwa warithi.

Lakini sheria imesema mazishi ya kiasi. Jamaa wakikodi magari mengi na kuchinja ng'ombe watano kwa fahari, mrithi au mdai aweza kuuliza mbele ya korti kama gharama hizo zilistahili kutolewa katika mali ya mayatima. Naye aliyetoa fedha zake mwenyewe ili kazi ianze, yampasa atunze kila risiti, maana bila risiti ni vigumu kudai arudishiwe.

Tuseme kwa mfano kwamba mzee mmoja ameacha shilingi 600,000 katika benki, na deni la shilingi 150,000 katika chama cha ushirika. Mazishi yamegharimu shilingi 120,000, na kazi ya korti na wakili shilingi 80,000. Jumla ya yote hayo ni shilingi 350,000. Basi fedha za mirathi si 600,000 tena, bali ni 250,000. Warithi wasioonyeshwa hesabu hii mapema ndio wanaosema baadaye kwamba msimamizi amekula fedha zao.

MALIPO YA MWANZO

Kwanza hutakiwa cheti cha kifo, kisha barua ya chifu inayotaja majina ya warithi wote. Ndipo ombi hupelekwa kortini pamoja na orodha ya mali na madeni, na hapo hulipwa ada ya kufungua shauri. Ziko pia gharama za kuapa mbele ya kamishna wa viapo, na malipo ya kutangaza ombi katika Gazeti Rasmi la Serikali. Tangazo hilo huwapa watu siku 30 za kuleta pingamizi. Kila malipo yana risiti yake. Mtu anayesimama nje ya korti akiomba fedha ili kuharakisha faili hana risiti ya kutoa, naye asipewe kitu.

Korti yenyewe huongeza au kupunguza gharama kwa umbali wake. Zamani mahakimu waliruhusiwa kusikiliza mirathi isiyozidi shilingi 100,000 tu, na wengi walilazimika kusafiri mpaka Mahakama Kuu. Tangu Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 2015, Hakimu Mkuu aweza kusikiliza shauri la mali isiyozidi shilingi milioni 20, na mahakimu wa vyeo vya chini kwa viwango vilivyo chini ya hapo. Kwa hiyo jamaa nyingi zaweza kumaliza shauri lao katika mji wa karibu.

WAKILI NA MALIPO YAKE

Sheria hailazimishi kuweka wakili, na mirathi ndogo isiyo na ugomvi yaweza kufuatiliwa na jamaa wenyewe. Ila mali ikiwa kubwa, au warithi wakiwa hawasikizani, wakili hufaa sana. Malipo ya mawakili yamewekewa viwango kwa amri ya serikali, na viwango hivyo hufuata thamani ya mali. Yafaa mapatano yaandikwe na kutiwa sahihi kabla kazi haijaanza. Mapatano ya kwamba wakili atalipwa endapo atashinda tu hayakubaliwi na sheria ya Kenya. Mteja akiona hesabu ya wakili imezidi, ana haki ya kuomba ipimwe na ofisa wa korti.

MPAKA SHAMBA LIANDIKWE UPYA

Hati ya usimamizi ikitolewa, wengi hudhani kazi imekwisha, kumbe ni nusu ya njia. Kwa kawaida ni lazima miezi sita ipite ndipo korti iombwe kuithibitisha hati hiyo na kuonyesha sehemu ya kila mrithi. Msimamizi akikaa mwaka mzima bila kuomba uthibitisho, hati yake yaweza kufutwa, na gharama zianze upya.

Baada ya uthibitisho huja malipo ya ofisi ya ardhi. Shamba likihamishwa zima kwa warithi, ruhusa ya Baraza la Ardhi haihitajiki. Lakini likikatwa vipande vyenye hati mbalimbali, ruhusa hiyo hutakiwa, na mpima ardhi lazima alipwe. Hapa ndipo jamaa wenye shamba dogo wapaswa kufikiri sana, kwa kuwa kulikata vipande vingi huongeza gharama na kupunguza mazao. Kodi ya mali za marehemu, iliyotozwa zamani, ilifutwa mwaka 1982. Anayeidai leo ni mdanganyifu.

HASARA INAYOPITA ADA ZOTE

Ada zote zilizotajwa ni ndogo zikilinganishwa na gharama ya ugomvi. Ndugu wakimficha binti aliyeolewa, au mke wa pili na watoto wake, hati waliyoipata yaweza kufutwa hata baada ya miaka mingi, na fedha zote zilizotumika zikawa zimepotea. Sheria haimnyimi binti urithi kwa sababu ameolewa.

Kosa jingine ni kugusa mali kabla ya kupewa hati. Mtu anayeuza ng'ombe wa marehemu, au kutoa fedha zake benki kwa kadi aliyoiacha, aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Zaidi ya hayo, atatakiwa kutoa hesabu ya mali aliyoigusa.

NJIA ZA KUPUNGUZA GHARAMA

Dawa iliyo bora ni wasia. Wasia wa maandishi hutiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi. Haifai shahidi awe mmoja wa wanaopewa mali, maana zawadi yake yaweza kubatilika. Wasia humtaja msimamizi, na hivyo ugomvi wa kumchagua hupungua.

Pili, mume na mke waliosajiliwa kuwa wamiliki wa pamoja wasiogawana sehemu, shamba humwendea anayebaki bila kungoja mgawanyo wa korti. Vivyo hivyo fedha za bima au pensheni zilizoandikiwa jina la mpokeaji.

Tatu, pasipokuwa na mtu wa kuaminiwa, Mdhamini wa Umma aweza kuisimamia mali, naye hutoza ada yake kutoka katika mali hiyo hiyo.

Mwenye mali na aandike leo orodha ya mashamba yake, akiba zake na madeni yake, na aiweke mahali ambapo mkewe na watoto wake watapajua. Kazi hiyo ya jioni moja yaweza kuwaokolea warithi wake safari nyingi za kortini.