Bomba Likishafukiwa Halihamishiki

Madai ya Patrick Pouyanné, bosi wa TotalEnergies, kwa serikali zetu yanajulikana: sheria na kodi za mradi zikishakubaliwa, zisibadilishwe njiani. Mwaka 2019 alionyesha kwamba hatanii. Mpango wa kampuni ya Tullow kuziuzia kampuni za Total (sasa TotalEnergies) na CNOOC sehemu ya hisa zake za mafuta ya Uganda ulivunjika mwezi Agosti kwa mvutano wa kodi, na muda mfupi baadaye kazi za bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga, Tanzania, zikasimama. Zilirudi kwenye mstari baada ya mikataba ya Aprili 2021, iliyotiwa saini mbele ya Rais Museveni na Rais Samia. Februari 2022 wanahisa wakaidhinisha uwekezaji.

Hoja yake ina uzito. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo lazima yasafiri yakiwa na joto la nyuzi 50 hivi. Ndiyo maana kule Sojo, Nzega, kikajengwa kiwanda cha kuyavisha mabomba gamba la kuhifadhi joto kabla hayajafukiwa. Gharama ya bomba hurudi polepole, kwa ushuru wa dola 12.77 kwa pipa. Meli ikinyanyaswa bandari moja huenda nyingine. Bomba likishafukiwa halina pa kwenda. Mwekezaji anabana kabla ya kuchimba kwa sababu baadaye hana tena nguvu ya kubana.

Ila mkulima wa kando ya mkuza naye hahamishiki. Wathamini walipita mashambani, wakahesabu minazi na migomba mche kwa mche, na baada ya tarehe ya ukomo hakutakiwa kuongeza zao la kudumu. Wakubwa walipokuwa wakivutana, wengi walikaa miaka wakisubiri fidia: shamba lipo, lakini huwezi kulipangia mipango. Januari 2024 TotalEnergies yenyewe ilimteua Lionel Zinsou, waziri mkuu wa zamani wa Benin, atathmini jinsi ardhi ilivyotwaliwa.

Kwa macho yangu, hapo ndipo serikali zetu zilipopunja. Mwekezaji alipata utulivu wake kwa mkataba, na Tanzania ikatunga sheria maalumu ya mradi mwaka huohuo wa 2021. TPDC, shirika la mafuta la Tanzania, ina asilimia 15 ya hisa za bomba, jambo jema. Lakini utulivu uliokuwa wa lazima kwa kampuni ya Paris ulikuwa wa lazima pia kwa mkulima wa Chongoleani, Tanga, bomba linakoishia. Somo hilo bado linahitajika: mazungumzo ya mradi wa gesi ya Lindi yamevutwa kwa miaka, na kampuni huko nazo zinataka uhakika uleule. Zipewe, ila tarehe ya kumlipa mwananchi iandikwe kwenye mkataba huohuo, pamoja na riba ya kila mwezi wa kuchelewa.