Chupa ya Chai na Setilaiti: Namna ya Kuchagua Kilicho Bora

Mshika mbili moja humponyoka. Msemo huu wahandisi wa vyombo vya angani wanaujua vizuri.

Setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilirushwa kutoka Virginia, Marekani, tarehe 7 Novemba 2022. Wahandisi watatu wa Uganda waliiunda katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani. Ilikuwa kisanduku cha sentimita 10 kila upande. Chombo kama hicho huzunguka dunia kwa dakika 90 hivi, kikipita kwenye jua kali, kisha gizani penye baridi.

Betri yake haina budi kukingwa. Lakini kinga ikiongezwa, uzito huongezeka. Kipasha joto kikiongezwa, umeme hupungua. Kompyuta hupima mamia ya miundo, na mwishowe hutoa orodha, wala si jibu moja. Je, orodha hiyo husomwaje?

Tuchukue mfano wa nyumbani. Mama wa Arua anamnunulia mumewe, askari wa zamu ya usiku Koboko, chupa ya chai. Tuseme sokoni zipo nne: ya saa 12 kwa shilingi 60,000, ya saa 10 kwa 35,000, ya saa 8 kwa 40,000, na ya saa 6 kwa 20,000.

Kwanza, aondoe iliyoshindwa kwa kila hali. Ya saa 8 ni ghali kuliko ya saa 10, tena hupoza chai mapema. Tatu zilizobaki hazishindani moja kwa moja: kila moja ina faida yake.

Pili, aweke sharti lisilovunjwa. Zamu ni ya saa 9; basi ya saa 6 inaanguka, ijapokuwa ni rahisi.

Tatu, apime nyongeza. Kutoka saa 10 hadi 12 atalipa shilingi 25,000 zaidi kwa saa 2 tu. Fedha hizo zingeweza kununua daftari za watoto.

Nne, aache akiba. Zamu ikichelewa kwa saa 2, ya saa 10 haitoshi. Ikiwa jambo hilo hutokea mara kwa mara, ile ya ghali ndiyo yenye busara. Mhandisi naye huacha nyuzi kadhaa za akiba, kwa sababu huko angani hakuna fundi wa kuitwa.

Hesabu huonyesha gharama ya kila njia. Kuchagua ni kazi ya mtu anayeijua zamu yake.