Je, Wajua: Boksi Linalojua Kukataa

Mtu kaiunga kompyuta yake mwenyewe: kasha, mazabodi, prosesa, kadi ya picha. Kakaza skrubu ya mwisho, kabonyeza kitufe. Kimya. Au feni zinazunguka kidogo, kisha zinasimama. Wa kwanza kulaumiwa ni pawasaplai, lile boksi la chuma lililo kwenye kona ya kasha, na mara nyingi hurudishwa dukani likiwa zima kabisa. Tulitendee haki: kukataa kuwaka ni sehemu ya kazi yake.

Soketi zetu hutoa umeme wa volti 230 au 240 unaogeuka mwelekeo, mizunguko 50 kwa sekunde. Kompyuta inataka umeme wa mkondo mmoja, wa volti 12, 5 na 3.3. Transfoma ya kawaida ingeweza kuupunguza, ila ingekuwa nzito kama tofali. Pawasaplai hupita njia nyingine. Kwanza huunyoosha umeme wa ukutani kuwa mkondo mmoja wa volti zaidi ya 300, kisha transista huukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, transfoma ndogo tu inatosha. Apple II ya mwaka 1977 ilikuwa na pawasaplai ya namna hii, kazi ya mhandisi Rod Holt. Steve Jobs aliwahi kusema kwamba wengine wote waliiga hapo, lakini mbinu yenyewe ilikwishakuwapo.

Mwaka 1995 Intel ilitoa kanuni za ATX, na hapo ndipo tabia ya boksi hili ilipobadilika. Kitufe cha kompyuta hakikati wala hakiwashi umeme tena, kinaomba. Maadamu plagi iko ukutani na swichi ya nyuma imewashwa, waya wa zambarau unapeleka volti 5 kwenye mazabodi hata kompyuta ikiwa imezimwa. Ukibonyeza kitufe, mazabodi inaushusha waya wa kijani hadi sifuri, na boksi linaamka. Halafu linajikagua. Volti zake zikiwa ndani ya kiwango, yaani ile 12 isipungue 11.4 wala kuzidi 12.6, linatuma ishara kwa waya wa kijivu. Kabla ya ishara hiyo, prosesa inazuiwa isianze kazi.

Ukishalijua hilo, kila namna ya kugoma inakuwa na maana yake. Kimya kabisa? Tazama swichi ya nyuma na ekstensheni kwanza. Wengi wamehangaika bure. Kisha kichomoe kitufe cha kasha kwenye mazabodi na uziguse pini zake mbili kwa ncha ya bisibisi. Kompyuta ikiwaka, kosa ni la kitufe cha bei ndogo. Isipowaka, toa plagi ukutani, litenganishe boksi na kila kitu, unganisha waya wa kijani na mweusi kwa kibanio cha karatasi, ndipo urudishe plagi. Mafundi wengi wanaishia hapo, nami naona wanaishia mapema mno: jaribio hilo linaonyesha kwamba boksi linaamka, halionyeshi kwamba linaweza kubeba mzigo. Afadhali kuzipima volti kwa multimita boksi likiwa na mzigo.

Feni zikianza na kusimama, shuku shoti. Boksi limeona mkondo umepanda ghafla na limejifunga, na huenda lisifunguke mpaka uchomoe plagi na kungoja kidogo. Mara nyingi chanzo ni kiguzo cha shaba kilichoachwa mahali ambapo mazabodi haina tundu, kikagusa mgongo wake. Hapa dawa ni moja: toa vyote, laza mazabodi juu ya boksi lake la karatasi, bakiza prosesa, feni yake na RAM moja, ujaribu tena.

Feni zinazunguka lakini skrini ni nyeusi? Tafuta kebo ya volti 12 karibu na prosesa, ile ya pini nne au nane. Wanaounga kwa mara ya kwanza huisahau, kwa sababu plagi kubwa ya pini 24 inaonekana kama imemaliza kila kitu. Kompyuta ikizimika katikati ya mchezo, hesabu wati: tundu la kadi ya picha hutoa 75, kebo ya pini nane 150, na kadi za siku hizi huruka juu ya kiwango chake kwa muda mfupi sana.

Kwenye kompyuta za zamani, hasa zilizotoka Marekani, angalia swichi nyekundu ya nyuma iliyoandikwa 115 na 230. Ikiachwa 115 huku kwetu, saketi inaukuza maradufu umeme ambao tayari ni mkubwa, na utasikia mlio. Usilifungue boksi: kapasita zake hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Kapasita hizo ndizo zinazoishikilia kompyuta umeme unapopepesa. Boksi zuri likiwa na mzigo kamili huhimili takriban milisekunde 16, chini ya mzunguko mmoja wa umeme wetu, ambao ni milisekunde 20. Kapasita zikizeeka muda huo hupungua. Kama taa ikipepesa tu kompyuta yako inajiwasha upya, na zamani haikuwa hivyo, anza kutafuta pawasaplai nyingine.